Kabla hujatoa arubuni kwa fundi saa anayejitegemea: uzi kwa wanaotaka saa iliyotengenezwa kwa mkono

#1 Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Kwa muda sasa nimekuwa nikipokea ujumbe wa faragha kutoka kwa wanachama wanaotaka kujua jinsi ya kununua saa moja kwa moja kwa fundi anayejitegemea, yaani mtu mwenye karakana yake ndogo, asiyekuwa chini ya kampuni kubwa, ambaye jina lililoandikwa kwenye uso wa saa ni lake mwenyewe. Nimeona ni heri niweke majibu mahali pamoja, kwa sababu maswali yanafanana, na kwa sababu swali lililo zito kuliko yote karibu hakuna anayeliuliza: ni sehemu ipi ya saa hiyo imetoka mkononi mwa fundi huyo, na ni nani atakayeifungua na kuitengeneza siku ambayo yeye hayupo?

Ninaandika kutoka Lancaster, Pennsylvania, mji ambao wengi wenu mnausikia kwa sababu ya ndugu zetu wa Kongo waliopokewa hapa kama wakimbizi. Wachache wanajua kuwa huu ulikuwa mji wa saa. Kampuni ya Hamilton ilianzishwa hapa mwaka 1892 na ikatengeneza saa za mfukoni zilizotumiwa na watu wa reli nchi nzima, hadi uzalishaji wake wa Marekani ulipokoma mwaka 1969. Jina la Hamilton leo ni mali ya Swatch Group ya Uswisi, na majengo ya kiwanda yamegeuzwa makazi ya watu. Lakini ufundi haukuondoka wote. Mjini hapa kulikuwa na chuo cha ufundi saa cha Bowman, na katika mji jirani wa Columbia yapo makumbusho ya taifa ya saa. Huko Mount Joy, mwendo mfupi kwa gari, Roland Murphy, aliyesoma Bowman, akaendelea na masomo Uswisi, kisha akaajiriwa Hamilton, alianzisha karakana yake ya RGM mwaka 1992, na mwaka 2007 akatoa mashine ya saa (yaani mtambo wa ndani unaoiendesha) aliyoibuni mwenyewe, inayoitwa Caliber 801.

Saa niliyonunua mimi imetoka kwa fundi mwingine wa wilaya hii, mwenye karakana ndogo zaidi, ambaye sitamtaja kwa kuwa hajaniomba nimtangazie. Nitaieleza kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa karibu, ila mengi nitakayoyasema yanamhusu mnunuzi yeyote, awe Geneva, Tokyo au Manchester.

Tuanze na mashine, maana ndipo maneno mengi matamu yanapojificha. Fundi anaposema saa yake imetengenezwa kwa mkono, kauli hiyo inaweza kubeba mambo yaliyo mbali kabisa. Upande mmoja yupo George Daniels, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2011, ambaye katika karakana yake kisiwani Isle of Man alikereza mihimili, akakata magurudumu, akachonga uso, akrabu (mishale ya saa) na kasha mwenyewe, na maisha yake yote yakatoa saa chache ambazo mtu angeweza kuzipanga juu ya meza moja. Upande wa pili yupo mtu anayeagiza kasha kutoka Hong Kong, mashine kutoka Japani na uso kutoka kwingineko, akaviunganisha jioni sebuleni kwake na kuandika jina lake. Wote wawili wanajiita watengeneza saa wanaojitegemea, na kisheria hakuna anayeweza kuwazuia. Kati ya hao wawili ndipo walipo mafundi karibu wote ambao mimi na wewe tunaweza kuwamudu.

Fundi wangu alikuwa muwazi tangu siku ya kwanza. Mashine ya saa yangu ni ETA 6498, ya kiwanda cha mashine za saa cha ETA huko Uswisi, ambayo asili yake ni kiwanda cha Unitas na ambayo ilikusudiwa saa za mfukoni. Ina upana wa milimita 36.6, hutiwa ufunguo kwa mkono, na toleo alilotumia yeye hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde. Yeye huinunua ikiwa nzima, akaivunja yote, akatupa baadhi ya mabamba yanayoshikilia magurudumu (mafundi huyaita madaraja), akachonga mengine kwa umbo lake, akang'arisha kingo, akabadilisha parafujo, kisha akairekebisha mwendo. Uso wa saa, akrabu na kasha ni kazi yake yote. Hayo aliyaandika kwenye ankara, na ndiyo yaliyonifanya nimwamini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: muulize fundi akutajie kwa maandishi jina la mashine, mahali ilikotoka, na alichokifanya juu yake. Mwenye jibu zuri hulitoa bila kusita. Mwenye kuzunguka zunguka na maneno kama «mashine yetu ya kipekee» ana jambo. Hata kampuni zenye uwezo mkubwa zimewahi kubanwa hapo: mwaka 2016 Tume ya Biashara ya Serikali ya Marekani iliiandama Shinola ya Detroit kuhusu kaulimbiu iliyoonyesha kwamba bidhaa zake ni za Kimarekani, ilhali saa zake zilitegemea mashine za Uswisi na sehemu nyingine nyingi kutoka nje, na kaulimbiu ikaachwa. Nao Waswisi, tangu mwaka 2017, wanataka angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa ziwe zimetumika Uswisi ndipo iandikwe kuwa ni ya Uswisi, na hesabu hiyo inaacha nafasi pana kwa wengine. Maandishi yaliyo usoni yanaeleza sheria ya nchi. Kazi ya mkono haiandikwi hapo.

Nitaendelea na namna ya kuitazama kazi yenyewe.

#2 Mleta uzi

Nenda karakanani kama unaweza, na uende na lensi ya kukuza mara kumi, ile ya kuweka jichoni, ambayo haizidi bei ya mlo wa watu wawili. Usianze na uso wa saa. Omba kuonyeshwa mgongo, ambako madaraja yanaonekana, kisha utazame kingo zake. Kingo iliyofanyiwa kazi vizuri hukatwa mshazari wa nyuzi 45, ikasuguliwa kwa tupa laini, kisha kwa mawe, na mwisho kwa kijiti chenye unga wa kung'arishia. Philippe Dufour, fundi wa bonde la Vallée de Joux huko Uswisi, ambaye saa yake ya Simplicity iliyotoka mwaka 2000 ndiyo kipimo cha wengi, hutumia kijiti cha mmea wa gentiane unaoota katika milima hiyo hiyo. Sasa, ukingo unaopinda kwa nje unaweza kufanywa na mashine ya kukatia kwa dakika chache. Pembe inayoingia ndani, ambapo kingo mbili zinakutana na kuacha mstari mmoja mkali, kichwa cha mashine kinachozunguka hakiwezi kuifikia. Hapo ni lazima mtu akae na tupa yake. Ukiona daraja ambalo pembe zake zote ni za mviringo, hakuna aliyelikalia. Ukiona pembe kali za ndani zinazong'aa hadi kwenye ncha, unajua fedha yako imekwenda wapi.

Tazama kisha parafujo na akrabu za buluu. Chuma kikipashwa moto polepole hupita rangi ya majani makavu, hudhurungi na zambarau, na kinapokaribia nyuzi 300 za Selsiasi hufika buluu, na sekunde chache zaidi huipeleka kwenye kijivu na kazi ikarudiwa upya. Fundi wangu aliweka akrabu ya dakika juu ya chenga za shaba katika kikaango kidogo, na alipoona buluu inaanzia kwenye ncha nyembamba aliisogeza kwa kibano ili upande mnene upate moto wa kutosha, kisha akaitoa kabla hata sijaona kwamba imefika. Zipo buluu za rangi ya kupakwa na za kemikali, na si dhambi kuzitumia, ila hazipaswi kuuzwa kwa bei ya moto. Buluu ya moto ikigeuzwa kwenye mwanga huonekana karibu nyeusi upande mmoja na kuwaka upande mwingine. Ile ya kupakwa hubaki vilevile kokote uigeuzapo.

Kuhusu uso wenye michoro ya mistari inayopishana, uliza kama imechongwa au imepigwa muhuri. Ya kuchongwa hufanywa kwa mashine za kale zinazozungushwa kwa mpini, mkono mmoja ukizungusha na mwingine ukisukuma kisu kwa shinikizo lisilobadilika, mstari baada ya mstari, na mkono ukiteleza katika mstari wa mwisho uso wote unatupwa. RGM ni miongoni mwa karakana chache za Marekani zinazoifanya kazi hiyo nyumbani. Chini ya lensi mstari uliochongwa una ukingo mkali na sakafu inayong'aa, ilhali wa muhuri una mabega laini.

Msitishwe na idadi ya vito. Tangu mkemia Mfaransa Verneuil alipotangaza mwaka 1902 njia yake ya kutengeneza yakuti kwa moto, vito vya saa ni vya maabara na bei yake ni ndogo mno. Vinapunguza msuguano, basi. Muuzaji anayekutajia vito 25 kana kwamba anakuuzia sanduku la hazina anakuheshimu kidogo.

Jambo moja ambalo wageni wa fani hii hulikosea ni kutafuta dalili za mkono, yaani mikwaruzo midogo na mistari isiyolingana, wakidhani ndiyo uthibitisho. Roger Smith, kijana wa Bolton, alimpelekea Daniels saa ya mfukoni aliyoitengeneza mwenyewe, na mzee akamrudisha kwa sababu ilionekana kuwa imetengenezwa kwa mkono. Akatumia miaka mingine kuifanya ya pili, akaipeleka mwaka 1997, ikakubaliwa, na Daniels akamchukua afanye kazi naye. Saa hiyo ya pili iliuzwa kwa mnada New York mwaka 2023 kwa dola milioni 4.9. Mkono uliokomaa hauachi alama.

#3 Mhasibu wa Kariakoo

Mleta uzi, nimesoma kwa makini na nakushukuru kwa kuandika kwa utulivu. Naomba nikuulize kama mtu wa hesabu. Nina Casio niliyoinunua Kariakoo, ni mwaka wa sita sasa, sijawahi kuitia ufunguo wala kuipeleka kwa fundi, na nikiilinganisha na simu haijapishana hata dakika moja tangu niirekebishe mara ya mwisho. Hiyo ya kwako inapotea kiasi gani, na uliilipia kiasi gani? Isije ikawa tunanunua hadithi.

#4 Mleta uzi

Mkuu, swali ni halali na nitalijibu bila kuzunguka. Casio yako ina kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na saa ya kawaida ya aina hiyo hupishana kama sekunde 15 kwa mwezi. Saa ya magurudumu iliyopata cheti cha COSC, taasisi ya Uswisi inayopima usahihi wa saa, ambacho kinahesabiwa kuwa cheti kigumu, inaruhusiwa kupotea hadi sekunde 4 nyuma au 6 mbele kwa siku moja. Yangu haina cheti hicho na huenda mbele sekunde kadhaa kila siku. Kwa usahihi umeshinda kabla mchezo haujaanza, na yeyote anayekuuzia saa ya aina hii kwa hoja ya usahihi anakudanganya. Suala hilo lilimalizwa na Seiko wa Japani tangu Desemba 1969 walipoitoa Astron, saa ya kwanza ya mkononi ya kwatzi kuuzwa.

Kuhusu bei, hesabu ya karakana ndogo ni saa za kazi. Kwa watu wa aina ya fundi wangu, wanaoanza na mashine iliyonunuliwa na kuirekebisha, tarajia dola elfu kadhaa. Mashine ikiwa ni ya fundi mwenyewe, bei hupita dola elfu kumi mapema sana, na kwa Roger Smith unazungumzia mamia ya maelfu ya pauni. Fundi mmoja akitoa saa kumi kwa mwaka, kila saa inabeba zaidi ya mwezi mzima wa kodi ya pango, bima, umeme na chakula cha familia yake. Ukiitazama hivyo bei haishangazi, ingawa haimaanishi kwamba ni lazima uilipe. Hadithi ipo, sikatai, ila mimi nimenunua kazi ninayoweza kuikagua kwa lensi, kutoka kwa mtu ninayeweza kumgongea mlango.

#5 KibanoNaTupa

Assalamu alaykum wote. Mimi ni fundi saa hapa Mombasa, kazi niliyoirithi kwa marehemu baba, na nimefungua saa za kila namna. Namuunga mkono mleta uzi kwa mengi, hasa hilo la kingo na buluu ya moto, lakini naona maneno yake yanaweza kumfanya msomaji aamini kwamba kadiri fundi anavyotengeneza sehemu nyingi mwenyewe ndivyo mnunuzi anavyofaidika. Sisi tunaokaa upande wa matengenezo tunaona tofauti.

Chukua mfano wa saa iliyoanguka sakafuni. Mara nyingi kinachovunjika ni ncha ya mhimili wa balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi, kwa kuwa ncha hiyo ni nyembamba karibu kama unywele. Kama mashine ni ETA 6498, mhimili huo ninaununua ukiwa tayari, nauingiza, napima mwendo, mteja anaondoka na saa yake wiki hiyo hiyo. Kama mashine ni ya fundi mmoja aliyeko ng'ambo ambaye ametengeneza mashine arobaini tu duniani, hakuna duka lenye mhimili huo. Itabidi nikereze mwenyewe, na mafundi wa Afrika Mashariki wenye kerezo na mkono wa kazi hiyo wamebaki wachache mno, au saa isafiri. Nimeshapokea saa za bei kubwa ambazo wenyewe waliziacha kwenye kabati kwa sababu aliyezitengeneza alifunga karakana.

Kwa hiyo, ETA si aibu. Kwa mtu anayeishi mbali na fundi wake, ni bima. Na kuna jambo la pili: Swatch Group, wenye ETA, walitangaza mwaka 2002 kwamba watapunguza kuwauzia wengine mashine ambazo hazijakamilishwa, na kuanzia hapo soko likajaa mashine za Sellita, kiwanda kingine cha Uswisi, zilizofuata ramani zile zile baada ya hataza kwisha. Sehemu nyingi zinaingiliana. Ukiona saa ya fundi anayejitegemea ina Sellita, usimdharau kwa hilo.

#6 Mleta uzi

Wa alaykum salaam, ndugu fundi. Nashukuru sana kwa mchango huu, na ningependa kila msomaji aurudie mara mbili kabla ya kuendelea. Nia yangu ilikuwa kutenganisha ukweli na matangazo, na tunakubaliana kuwa mashine ya kununuliwa ikitajwa wazi haina kosa. Hapa nilipo naweza kumfikia fundi wangu kwa gari, lakini nilichagua 6498 kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja: ana umri mkubwa kunizidi, na wanangu watakapoirithi saa hii yeye huenda ameshastaafu.

Hata hivyo niongeze upande wa pili wa shilingi yako. Mhimili utaupata dukani, lakini madaraja aliyoyachonga yeye hutayapata popote. Asiyejua kazi hiyo akiyafungua kwa bisibisi isiyolingana na mpasuo wa parafujo, mkwaruzo mmoja unaharibu siku nzima ya kusugua. Ndiyo maana nilimwomba fundi vitu viwili: picha za kila hatua ya kuivunja na kuiunganisha, na karatasi yenye vipimo vya sehemu zote alizozitengeneza au kuzibadilisha. Alishangaa kidogo, halafu akanipa. Wanaotumia mashine yao wenyewe waulizwe pia kama michoro imehifadhiwa mahali, na kama familia au mwanafunzi ana ruhusa ya kuitumia.

#7 Mpwani wa Muscat

Ahsanteni kwa mjadala wenye faida. Mimi niko Muscat na asili yetu ni Unguja. Huku Oman saa zenye alama kwenye uso zina historia yake, maana Sultani Qaboos, Mungu amrehemu, aliagiza Rolex na nyinginezo zenye nembo ya jambia kupitia duka la Asprey la London ili kuwatunukia watu, na leo zinatafutwa sana minadani. Nataka kumtengenezea mzee wangu saa yenye tarakimu za Kiarabu cha Mashariki, na ikiwezekana yenye mpangilio wa saa zetu za Kiswahili, sita ikiwa juu na kumi na mbili chini. Je, fundi wa kizungu atanielewa, na nifanyeje kuhusu malipo? Nimeambiwa nitoe nusu kabla ya kazi kuanza.

#8 Mleta uzi

Ndugu yangu, hapa ndipo fundi mdogo anapomshinda mkubwa. Kiwanda hakiwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya uso mmoja, lakini kwa karakana ya mtu mmoja uso wa saa ni bamba tu ambalo bado halijachongwa. Kuzungusha tarakimu nusu duara hakugusi mashine hata kidogo: mshale mfupi ukiwa juu adhuhuri, mzee atasoma sita, na dakika zitabaki mahali pake. Ila usimtegemee fundi aelewe kwa maelezo ya simu. Mchoree uso mzima kwa kipimo, tarakimu zote kumi na mbili zikiwa mahali pake, na mtu anayesoma Kiarabu auhakiki kabla ya kuutuma, kwa sababu fundi asiyejua maandishi hayo anaweza kugeuza mbili na sita bila kujua. Yeye naye akuchoree, utie sahihi, na mchoro huo uwe sehemu ya mkataba. Ujue pia kwamba saa ya namna hiyo itakuwa na thamani kubwa nyumbani kwenu na ndogo sokoni. Ukitaka kuiuza, wanunuzi watakuwa wachache.

Kuhusu arubuni, desturi yenyewe ni ya kale. Breguet, fundi saa wa Paris, mwishoni mwa karne ya 18, aliuza saa za aina moja kwa wateja waliotanguliza robo ya bei wakati wa kuagiza, na fedha hiyo ikamwezesha kununua vifaa. François-Paul Journe, fundi saa Mfaransa, aliifuata njia hiyo hiyo mwaka 1999 kwa kuuza saa zake 20 za kwanza kwa watu waliolipa kabla hazijakamilika. Kwa hiyo kudaiwa malipo ya awali si dalili ya utapeli, na fundi asiyekuwa na mtaji hawezi kufanya vinginevyo. Mimi nililipa theluthi. Nusu si jambo la ajabu kwa kazi ya kipekee ambayo haiwezi kuuzwa kwa mtu mwingine, na yako ni ya aina hiyo. Kinachotakiwa ni kugawa malipo kwa hatua zinazoonekana: sehemu ya kwanza unapotia sahihi, nyingine unapoonyeshwa uso uliokamilika, na salio saa inapokuwa tayari na umetumiwa matokeo ya kipimo cha mwendo kwa siku kadhaa, katika mikao tofauti. Saa inaweza kuwa sahihi ikiwa imelala na ikachelewa ikiwa imesimama wima, na hilo si geni. Masharti ya saa za reli za Marekani, yaliyoletwa na Webb Ball, mkaguzi wa saa za reli, baada ya ajali ya treni ya Kipton, Ohio, mwaka 1891, yalikuja kudai saa irekebishwe katika mikao mitano na isipotee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Muulize fundi wako anarekebisha mikao mingapi.

Mkataba utaje tarehe ya kukabidhi, na pia utaje kitakachotokea ikipita. Watu hawa huchelewa, tena sana, kwa sababu mkono ukiuma au mtoto akiugua hakuna wa kushika zamu. Kuchelewa kunavumilika kama umeandikiwa ni lini una haki ya kurudishiwa fedha, na kama fundi anajibu barua. Kwa wanaolipa kutoka nje, tumieni benki au kadi inayokupa nafasi ya kudai, na msikubali kamwe kutuma fedha kwa njia isiyoacha kumbukumbu, hata fundi awe mcha Mungu kiasi gani.

#9 Mhasibu wa Kariakoo

Nimeelewa, na Casio yangu itabaki mkononi, lakini sasa naona hesabu inakaa vizuri. Swali la mwisho: mtu wa Dar akiagiza, ni gharama gani nyingine zinamsubiri, na saa inaishi vipi kwenye joto na maji ya huku kwetu?

#10 Mleta uzi

Mkuu, kwa aliye Dar es Salaam kuna ushuru wa forodha na juu yake VAT ya asilimia 18 (Kenya ni 16), na hesabu hufanywa juu ya thamani iliyoandikwa pamoja na usafirishaji na bima. Fundi asishawishiwe kuandika bei ya uongo, kwa sababu kifurushi kikipotea utalipwa hiyo hiyo iliyoandikwa. Kwa aliye hapa Pennsylvania kuna kodi ya mauzo ya asilimia 6, na bima ya nyumba ya kawaida mara nyingi huweka kikomo cha karibu dola 1,500 kwa wizi wa vito na saa, hivyo saa ikatiwe bima yake peke yake.

Maji ni adui kuliko joto. Ukisoma mita 30 kwenye mgongo wa saa, elewa kuwa ni matone ya mvua na kunawa mikono. Usiingie nayo baharini. Jasho la pwani hula raba zinazozuia maji, kwa hiyo zibadilishwe kila saa inapofunguliwa, na usimruhusu mtu aifungue kwa ajili ya kuitazama tu. Sumaku nayo siku hizi iko kila mahali, kwenye vifuniko vya simu na spika, na saa ikianza ghafla kukimbia kwa dakika nyingi kwa siku, mpelekee fundi kama ndugu yetu wa Mombasa aitoe sumaku kabla hajafungua chochote. Kazi yenyewe ni ya sekunde chache. Mafuta ndani ya mashine hukauka, na kwa matumizi ya kila siku isafishwe yote kila baada ya miaka mitano au zaidi kidogo. Muulize fundi bei ya huduma hiyo siku unayoagiza, iandikwe, pamoja na atakayelipa usafirishaji wa kurudi na kwenda.

#11 KibanoNaTupa

Naongeza moja tu. Kila ukiipeleka saa kwa fundi, mwambie aandike kwenye kijitabu tarehe, alichobadilisha, na mafuta aliyotumia, na sehemu ya zamani akurudishie katika mfuko. Kwa hiyo ya 6498 yenye madaraja ya kuchongwa, mleta uzi, ukifika Mombasa ilete pamoja na ile karatasi ya vipimo. Bila karatasi siigusi.